Kijiji Kisicho na Shida

Ntoto, tarehe 18 Januari 1953

Shemeji Damascène,

Siye huku tuko muzima. Dada yako Verdiane anakusalimia sana, anasema habari za unene wako zimevuka pori lote mpaka zikatufikia. Tangu uingie kazi ya ukarani ku Mufuko wa Misaada, inaonekana Masisi kuna chakula kizuri.

Basi, hizo njo salamu. Sasa nikuambie ukweli: hatuko muzima hata kidogo. Mu mwezi wa tisa tulizika mutoto wa pili. Tulimubeba Verdiane mabegani, amelala ku kipoyi cha miti, siku mbili mu pori, mpaka Kalembe kwenye barabara inaanzia, tukangoja motokari ya kumufikisha ku hopitali. Mutoto alizaliwa pale pale kando ya njia, akalia mara moja, basi. Na siyo siye tu. Mwaka jana wanawake watano wa Ntoto waliondoka ku kipoyi, wawili tu njo walirudi kwa miguu yao. Mimi ni katekista, mimi njo ninapigaka kengele ya maziko. Nimechoka na ile kengele.

Kwa hiyo tumeunda chama. Kinaitwa Umoja wa Wazazi. Rais ni Papa Benoît, yule muwindaji muzee ambaye siku ya Mungu anaenda misa, na siku ingine anaenda ku mambo ya wazee wake, Padiri anajifanya haoni. Mimi niko mwandishi. Tunataka nyumba ya kuzalia hapa hapa Ntoto. Tumeshachoma matofali elfu sita, shemeji! Hakuna mupolisi aliyetusukuma, hii siyo kazi ya lazima ya serikali. Wanaume walikata kuni, wanawake walibeba maji na udongo toka mutoni. Tunakosa mabati, sima ya kujengea, vitanda, na muzalishaji aliyesoma.

Ku misioni wanasema Mufuko wenu hautaki tena kugawa sadaka, unatafuta vyama vya vijiji vya kushirikiana navyo. Haya, chama njo hiki. Tusemee neno.

Shemeji wako,
Michel, mwalimu na katekista


Masisi, tarehe 9 Februari 1953

Shemeji Michel,

Unene hapana, ni koti. Muambie Verdiane koti ya kazi ya biro inamunenepesha mutu bila kula.

Barua yako niliisoma mara mbili. Poleni sana. Sasa nisikilize vizuri, maana hawa watu mimi njo ninakaa nao kila siku. Mukubwa wetu ni Bwana Coppens. Madame wake anaongoza komite ya wamama wa Ulaya wanaochangia Mufuko. Neno wanalolipenda ni ushirika: wao wanaleta yao, ninyi munaleta yenu, na hakuna mutu wa kupiga magoti. Muombaji hawamutaki. Juzi wazee wa kijiji kimoja walikuja kulia mbele ya Madame, mumoja akafungua mpaka kidonda cha muguu. Madame akarudi mu motokari yake, akasema wale wanataka kupewa tu.

Kwa hiyo andikeni barua ya kazi, siyo barua ya machozi. Wekeni matofali, majina ya wanachama, siku za mukutano. Na komite ikikuja kuwaangalia, ikute kijiji safi, watu wamesimama wima. Kuhusu kulia, musijali. Mimi nitalia kwa ajili yenu huku ku biro, kwa Kifaransa.

Ndugu yenu,
Damascène Hakorimana


Ntoto, tarehe 21 Juni 1953

Shemeji,

Asante! Barua ya Mufuko imefika, wageni watakuja tarehe 14 mwezi wa saba. Papa Benoît alitaka niisome mara tatu, akaiweka mu mufuko wake wa ngozi pamoja na dawa zake za kuwinda. Kijiji chote kinafagia. Hata mbuzi wanashangaa.

Nina habari na nina swali. Habari: Verdiane iko na mimba ya miezi mitano. Swali linatoka palepale. Miguu yake imevimba, asubuhi hata macho yanavimba, na kichwa kinamuuma. Wako wanawake wengine wawili wagonjwa. Mimi nilisema wageni wawaone, kwani nyumba ni kwa ajili yao. Papa Benoît akakataa kabisa.

Unajua desturi ya huku, umekaa kwetu wakati wa ndoa. Mugeni akikuuliza habari, unamujibu muzima, hata kama maiti iko mu nyumba. Unamupa maji, anakula, anapumzika, jua linashuka, halafu yeye mwenyewe anakuuliza mara ya pili: «Sasa niambie.» Njo unamuambia yote, na yeye hawezi kuondoka bila kukuachia neno la kukusaidia. Kumumwagia shida mara ya kwanza ni kama kumufukuza. Papa Benoît anasema wagonjwa wataonyeshwa kisha mugeni ameuliza mara ya pili, na siyo mbele.

Lakini Madame anajua kuuliza mara ya pili? Wewe njo unajua. Niambie tufanye nini, nami nitamubishia Papa Benoît, hata akinikasirikia.

Michel


Masisi, tarehe 2 Julai 1953

Shemeji,

Ninaandika mbiombio, mashini ya kuandikia imeharibika na Bwana anapiga kelele. Fanyeni vile Papa Benoît anasema. Usigombane na muzee sababu ya wageni. Mimi mwenyewe nitakuwa mutafsiri wao, na kama kuna neno la kuongeza, mimi nitaliongeza.

Kuhusu miguu ya Verdiane, mama alivimba hivyo hivyo wakati wa mimba yangu, na niko hapa. Muambie asibebe maji.

D. Hakorimana


Ntoto, tarehe 16 Julai 1953

Shemeji,

Wewe ulikuwako, lakini wewe uliona mbele. Acha nikuonyeshe nyuma, ucheke kidogo.

Ile sahani ya maua Madame aliyosifu ni ya masista, na vikombe pia. Vile vikwembe vipya wanawake walivyovaa, nusu tuliazima ku duka ya Walikale, kwa ahadi kwamba hata tone la mafuta halitaanguka juu yake. Mbuzi wale wawili walikuwa wa mahari ya kijana Hilaire, sasa harusi yake itangoja. Watoto wanene tuliwaweka mustari wa mbele, wembamba tuliwatuma kutega samaki. Na wale wanaume wanane waliomubeba Madame ku kipoyi toka Kalembe ni wale wale wanaobebaka wanawake wetu, ku njia ile ile. Paul, mumoja wao, aliniambia: «Mwalimu, leo kazi ni rahisi. Huyu halii.»

Verdiane na wale wawili tuliwavusha ng'ambo ya muto, mu kibanda cha shamba. Généreuse, binti wa Paul, alibaki nao.

Sasa ile saa Madame aliuliza kama iko magonjwa huku. Papa Benoît akasimama na mukuki wake, akajibu vile baba yake angejibu: «Hapana, tuko muzima, Mungu iko.» Ukamugeukia Madame, ukasema maneno mafupi. Kisha nikakuona umebaki na mudomo wazi kidogo, halafu ukaufunga. Nikasema moyoni: shemeji wangu ana akili, anaweka mengine kwa ajili ya jioni.

Lakini jioni haikufika. Bwana aliangalia mawingu, akaangalia saa yake, na saa nane walikuwa wameshaondoka. Papa Benoît alibaki ameketi pale pale ku kiti chake, amevaa ngozi yake ya chui, majina ya wanawake watano yote mu kichwa. Akaniuliza: «Mutu gani anakula ya watu halafu anaenda bila kuuliza?» Nikamuambia asijali, njia ya kurudi ni siku mbili, shemeji wangu ataeleza.

Ulieleza, hapana?

Michel


MUFUKO WA MISAADA YA VIJIJI
Masisi, tarehe 7 Septemba 1953

Kwa Bwana Rais wa chama «Umoja wa Wazazi», Ntoto

Bwana Rais,

Komite inawashukuru kwa mapokezi mazuri ya tarehe 14 Julai. Wajumbe waliona kwa macho yao kijiji safi, chakula cha kutosha na watoto wenye afya. Walisikia pia, kutoka kinywa chako mwenyewe, kwamba hakuna magonjwa.

Kwa sababu hiyo Komite imehesabu Ntoto kuwa kijiji kisicho na shida. Nyumba ya kuzalia ya mwaka huu itajengwa Karuba, kwa ushirikiano na chama cha pale. Tunawaomba muendelee kuwa mufano mwema kwa vijiji vingine.

Pamoja na barua hii munapokea Cheti cha Usafi, picha moja ya ukumbusho na katoni moja ya sabuni. Kuhusu matofali yenu, Komite inashauri yafunikwe yasiharibiwe na mvua.

Coppens, Mukurugenzi
Imetafsiriwa na karani D. Hakorimana


Ntoto, tarehe 20 Septemba 1953

Damascène,

Nimesoma barua yenu mbele ya chama kizima. Nilipofika ku «kinywa chako mwenyewe», Papa Benoît akanisimamisha. Akasema: «Soma tena.» Nikasoma tena. Akainuka, akaenda nyumbani kwake, na mpaka leo hajaingia mu mukutano. Muzee wa miaka sabini amefanywa muongo mbele ya wanawake, sababu alimuheshimu mugeni.

Na Karuba! Mu barua zako zote neno Karuba halimo. Karuba ni kwenu. Rais wa chama cha Karuba ni baba yako Sebarenzi, baba-mukwe wangu. Waliuandikia Mufuko lini? Nani aliwaandikia ile barua kwa mashini? Sisemi uliiba. Wanawake wa Karuba nao wanazaa, na wao pia wanakufa. Ninasema tu kwamba ulikula ugali wetu ukijua, na haukusema.

Cheti tumekipachika ku chumba cha masomo. Watoto wanakisoma.

Sasa weka yote hayo pembeni, maana niko na jambo moja tu mu kichwa. Verdiane iko ku mwezi wa nane. Kichwa kinamuuma bila kuacha, anasema anaona vitu vinamemeta mbele ya macho. Infirmier, yule muuguzi wa serikali, alipita huku, akasema asizalie kijijini, afike kwa munganga ku hopitali ya Masisi. Mufuko uko na camion, ile motokari kubwa ya mizigo. Omba itufikie Kalembe. Mimi nitamubeba mpaka pale.

Ona, mimi mwenye kiburi napiga magoti. Ulisema hawapendi waombaji. Basi usiwaambie ni mimi.

Michel


Ntoto, tarehe 4 Oktoba 1953

Kaka Damascène,

Mukono huu ni wa Généreuse, mudomo ni wangu. Michel hajui kama ninakuandikia. Unijibu kwa maneno ya nyumbani, siyo yale ya biro.

Ile siku ya wageni nilikuwa ng'ambo ya muto. Nilisikia ngoma, nikasikia watu wanacheka. Nikamuuliza Généreuse: «Kaka yangu atakuja kunisalimia?» Akasema atakuja, lazima. Nikajipaka mafuta, nikafunga kitambaa kizuri ku kichwa. Toka kijijini mpaka ku kile kibanda, mutu hamalizi kuvuta tumbako moja, amefika. Haukuja. Sikukasirika. Uongo, nilikasirika sana. Nilikutukana mpaka Généreuse akaziba masikio.

Ninakujua, Damascène. Tukiwa wadogo, baba akiuliza nani aliacha ngombe zikaingia mu mutama wa watu, wewe haukuwa unasema uongo hata siku moja. Ulikuwa unanyamaza tu, na fimbo inakuja kwangu. Sasa mimi niko mutu muzima, siwezi kupigwa tena kwa ajili yako.

Niko na woga, kaka. Wale wawili wa kwanza sikuwa na woga hivi. Saa ingine sioni vizuri hata uso wa Michel. Wazee wanasema muficha ugonjwa, kifo kitamuumbua. Siye tuliuficha, tuliuvusha muto kabisa.

Jumatano tarehe 28 tunaweza kuwa Kalembe. Sema kama camion itakuwako. Ukisema ndiyo, tutangoja pale. Ukisema hapana, watanibeba kwa mabega mpaka Masisi, tutaondoka mapema, wanaume wamekubali, Paul amekata miti ya kipoyi kingine. Hapana yako siyo mbaya. Hapana tutaiweza. Lakini sema.

Dada yako,
Verdiane


Masisi, tarehe 12 Oktoba 1953

Dada yangu mupenzi,

Ndiyo. Jumatano tarehe 28, asubuhi, camion itakuwa Kalembe. Dereva ni Straton, munamujua, musemaji sana lakini anaendesha vizuri. Nimeshaongea na Bwana. Mungoje pale pale, musiondoke.

Ile siku ya wageni sikupata nafasi. Nitakueleza tukionana. Nimekununulia shuka.

Kaka yako,
Damascène


Masisi, tarehe 1 Novemba 1953

Kwa Michel na Verdiane,

Munisamehe sana. Ile Jumatano camion ilipasuka gurudumu, na pa kupata lingine hapakuwa. Ninajua mumenikasirikia. Nilifikiri, mukiona haiji, mutaendelea kwa mabega. Jana nilipita ku hopitali, masista wakasema hamujafika. Labda maumivu yalipungua mukarudi Ntoto? Niandikieni haraka, nina wasiwasi.

Alhamisi tuliweka jiwe la kwanza kule Karuba. Baba alilishika jiwe pamoja na Madame, na Madame alilia kwa furaha. Baba aliniuliza mara mbili: «Verdiane hajafika kuona?» Nikamuambia yuko njiani.

Shuka iko hapa kwangu.

Damascène


Kalembe, tarehe 9 Novemba 1953

Damascène,

Dada yako alikufa Ijumaa tarehe 30 Oktoba, saa sita ya muchana. Tumemuzika hapa Kalembe.

Tulifika Jumanne. Jumatano tukangoja. Jumatano jioni nilisema tuendelee kwa mabega, wanaume walikuwa tayari. Alikataa. Barua yako alikuwa nayo mu mukono, ingawa hajui kusoma, akasema: «Kaka ameandika tusiondoke.» Alhamisi akaanza kutetemeka mwili wote, akajiuma ulimi. Kutoka pale hatukuweza tena kumusogeza.

Jumamosi camion ikapita, magurudumu yote mazima. Straton akashuka, akaona kaburi, akauliza ni la nani. Yeye njo alituambia. Jumatano na Alhamisi alikuwa anabeba viti na mabenchi kupeleka Karuba. Hakuna mutu aliyemutajia Kalembe. Alilia kuliko mimi.

Ninauliza neno moja tu. Ulimuambia Bwana ao haukumuambia?

Michel


Masisi, tarehe 6 Desemba 1953

Michel, ndugu yangu,

Sikumuambia.

Nilifika ku mulango wake mara mbili na barua ya Verdiane mu koti. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili aliniuliza: «Unataka nini tena?» nikasema karatasi za mashini zimekwisha. Nikajiambia kesho. Halafu ikaja sherehe ya jiwe, camion ikahitajika, na kusema wakati huo ilikuwa ngumu zaidi kuliko mwanzo. Lile neno ndiyo nililiandika kwanza, nikitumaini nitalitafutia ukweli wake nyuma.

Na ile siku ya Ntoto. Nilikuwa nalo neno mu mudomo: «Madame, hawa wanajibu hivi kwa heshima tu, uliza tena.» Ni neno dogo. Baba hakuniambia niwazuie ninyi. Aliniambia tu: «Usitusahau.» Barua ya Karuba niliiandika mimi. Kule ni kando ya barabara, Madame alipita mara tatu, na mara ya tatu mama yangu mwenyewe alimuambia yote. Ninyi mulipata mara moja. Nililijua hilo, nikafunga mudomo. Ng'ambo ya muto sikuvuka kwa sababu sikuweza kumuangalia usoni.

Mama amenyoa nywele, anawalilia wote wawili, Verdiane na mutoto. Baba haongei na mimi.

Sasa nimemuambia Bwana, yote. Alinitukana, Madame akalia. Wamekubali kujenga Ntoto mara moja mwaka mupya ukianza: mabati, sima, vitanda, na muzalishaji mumoja aliyesoma. Karatasi ya ushirika iko humu, chama kitie sahihi. Mimi njo nitasimamia kazi mpaka mwisho. Na nimewaomba nyumba iitwe Nyumba ya Verdiane, jina lake liandikwe ku ukuta wa mbele. Wamekubali.

Michel, niruhusu nikuje. Nitabeba matofali kama wengine.

Damascène


Ntoto, tarehe 10 Januari 1954

Kwa Bwana Karani wa Mufuko wa Misaada, Masisi

Karatasi yenu imepata sahihi, iko humu. Alama ya kidole iliyo chini ni ya Papa Benoît. Alikuja mwenyewe, hakuna aliyemuita.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Mimi nilisema turudishe karatasi pamoja na cheti na ile picha. Wanaume wengi walikuwa upande wangu. Njo Elisabeth akasimama, muke wa Hilaire, mimba yake iko ku mwezi wa tatu. Akaniambia: «Mwalimu, hasira yako ni ya haki. Lakini hasira haizalishi mutu. Mimi nitazalia wapi?» Basi tunachukua mabati. Tunachukua sima, na vitanda, na muzalishaji. Matofali bado yako, tuliyafunika na majani kabla hamujatushauri.

Jina la muke wangu usiliandike ku ukuta wenu. Nyumba itaitwa Nyumba ya Kuzalia ya Ntoto. Sitaki kila mwanamuke anayeingia kuzaa asome kwanza jina la aliyekufa, eti kwa sababu wewe unataka kulala vizuri.

Kazi isimamiwe na karani mwingine. Kama hakuna, mutume Straton, atafaa. Wewe usikuje. Watu wa huku hawatakupiga, watakupa maji na kiti vile wanavyomupa kila mugeni, na mimi sitavumilia kuona hilo.

Jambo la mwisho. Umeandika mama yako anawalilia wote wawili. Mimi sikuandika wawili, angalia barua yangu. Mutoto iko. Ni mwanamuke, alizaliwa Ijumaa asubuhi, mama yake alimuona, akamushika kidole. Pétronille, muke wa Paul, anamunyonyesha pamoja na wake. Wewe haukuuliza. Ulimuzika mwenyewe mu barua, ukaendelea ku mustari mwingine.

Muambie mama yako akuje amuone. Nitatuma kipoyi Kalembe siku atakayotaka, na kitakuwako. Baba Sebarenzi akitaka, naye akuje. Mutoto atawajua.

Wewe ni mujomba wake, na najua mujomba ni mutu mukubwa namna gani kwetu na kwenu. Njo maana nimefikiri sana. Siku atakayoniuliza kama mama yake alikuwa na kaka, sitamudanganya. Nitamuambia alikuwa naye mumoja, alikuwa karani Masisi, na alikuwa anaandika vizuri sana.

Michel
Mwandishi wa Umoja wa Wazazi